Kutoka foklifti tano za majaribio hadi ghala zima: haidrojeni ilivyoingia zamu ya usiku

Ripoti ya majaribio ilisema foklifti zetu tano za haidrojeni, mashine za kuinulia mizigo ghalani, zilikuwa tayari kwa kazi karibu muda wote. Daftari langu lilisema kwamba Alhamisi moja, mbili kati ya hizo tano zilizimika saa tano usiku na zikakaa hivyo hadi kulipokucha. Vyote viwili vilikuwa kweli. Ripoti iliandikwa mchana, na mchana tulikuwa na mhandisi wa muuzaji aliyeketi karakana kwetu na kompyuta yake. Taa nyekundu ikiwaka tu, keshafika. Usiku hakuwepo.

Mimi ni fundi wa foklifti. Kazi nilijifunzia kwenye maghala ya Shimanzi, Mombasa, na sasa niko ghala la vyakula nje kidogo ya Columbus, Ohio. Naandika jinsi tulivyotoka kwenye zile tano za majaribio hadi ghala zima, kwa sababu watu wengi wanaoniuliza habari za haidrojeni wanaulizia mashine, na mashine kwa kweli ilikuwa sehemu nyepesi.

Foklifti hizi zinapata umeme kwa seli ya haidrojeni (kwa Kiingereza fuel cell), kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme. Seli yenyewe ni wazo la zamani. William Grove alishatoa umeme kwa njia hii Uingereza mwaka 1839, na vyombo vya Apollo vilikwenda mwezini vikitumia umeme wa seli za namna hii, maji yanayotoka wakayanywa wanaanga. Haidrojeni inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili, na katikati kuna utando mwembamba uliopakwa platinamu. Hapo haidrojeni inagawanyika kuwa protoni na elektroni, na utando unapitisha protoni peke yake. Elektroni inabidi zizunguke nje kwa waya, na huko kuzunguka ndiko kunakoendesha mota. Upande wa pili zinakutana na oksijeni, yanabaki maji na joto.

Kwa nini foklifti, wakati kila mtu alikuwa akingoja magari? Gari linataka kituo cha kujazia kila linakokwenda. Toyota ilianza kuuza Mirai, gari lake la haidrojeni, mwishoni mwa 2014, lakini mwenye nayo California bado anahesabu vituo kabla ya kutoka nyumbani, na Shell ilifunga vyake vya magari madogo huko mwaka 2024. Foklifti haitoki getini. Pampu moja au mbili zinatosha ghala zima, na kila mashine inazipita mara kadhaa kwa siku. Serikali ya Marekani iliona hilo mapema: katika fedha za kuinua uchumi za mwaka 2009, Wizara ya Nishati ilitenga dola milioni 40 na ushei kwa seli hizi, na zaidi ya foklifti 500 zikaingia kazini kwa msaada huo, kwenye maghala ya kampuni kama FedEx, Sysco na Coca-Cola. Baada ya hapo kampuni ziliendelea kununua bila ruzuku ile, na leo foklifti za namna hii Marekani ni makumi ya maelfu.

Kwetu majaribio yalianza 2016. Sikupewa kazi ya kuyapima, nilijipa mwenyewe. Nilinunua daftari la mistari nikawa nasimama na saa kwenye chumba cha betri. Betri ya risasi na asidi ya foklifti kubwa ina uzito wa kilo elfu moja na zaidi. Huibebi, unaivuta kwa mashine maalumu. Kwenye karatasi za ofisi, kubadilisha betri kulihesabiwa dakika kumi. Kwa saa yangu, foleni ikiwemo, zilikuwa ishirini na kitu, tena kwa kila zamu. Betri iliyotoka inachajiwa saa nane, halafu inaachwa saa nane nyingine ipoe. Ndiyo maana ghala la zamu tatu linaweka betri mbili hadi tatu kwa kila foklifti, na chumba kizima cha kuzilaza. Juu ya hayo, betri ikielekea kuisha mashine inachoka: inainua polepole, inatembea polepole, na ndani ya friza inachoka mapema zaidi. Haidrojeni inajazwa kwa dakika tatu hivi, na nguvu inabaki ileile mpaka tangi linakaribia kukauka.

Dakika hizo ndizo nilizompelekea bosi wa ghala. Sikumtajia hali ya hewa wala teknolojia ya kesho. Nilimwonyesha ukurasa mmoja wenye dakika za wiki nne, na ukubwa wa chumba cha betri ambacho kingeweza kujazwa rafu. Alielewa palepale, maana foleni ya chumba kile alikuwa akiipita kila siku.

Kisha tukakwama. Unafuu wa kodi wa asilimia 30 kwa wanunuzi wa seli hizi uliisha mwishoni mwa 2016, na makao makuu yakasimamisha kila kitu. Mwaka mzima wa 2017 zile tano zilifanya kazi kama wageni waliokosa nauli ya kurudi kwao. Februari 2018 sheria ikaurudisha unafuu, na mazungumzo yakafufuka. Lazima niseme wazi: bila ule unafuu, hesabu yetu isingekubali wakati ule. Anayesema teknolojia hii ilisimama kwa miguu yake peke yake anaficha jambo.

Ule mwaka wa kungoja ulinifaa mimi. Nilipitia daftari nikaandika kila usiku mashine ilipozimika na sababu yake. Nilitarajia kukuta seli zenyewe zimekufa. Hazikuwa. Mara nyingi ilikuwa filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi la makatoni, kihisi kilicholegea, nozeli isiyoshika vizuri, au kompresa ya kituo cha kujazia. Kompresa ndiyo iliyoongoza, kwani kuibana gesi nyepesi kuliko zote mpaka presha ya baa 350, karibu mara 350 ya presha ya hewa ya kawaida, kunachosha chuma na mipira ya kuzibia. Yote hayo fundi wa kawaida anaweza kuyashughulikia, ilimradi awepo, afundishwe, na awe na ufunguo wa stoo ya spea. Sisi wa usiku hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo mkataba wa ghala zima ulipofika mezani niliomba vitu vinne, na bosi, namshukuru hadi leo, akavitia kwenye maandishi. Mafundi wawili wa zamu ya usiku wafundishwe sawasawa na wale wa mchana. Kabati la spea liwe kwetu, si kwa muuzaji. Kila kasha la seli, linalokaa mahali pa betri, lipimwe uzito kabla halijaingia kwenye foklifti. Na betri kumi na mbili za zamani zisiuzwe.

La uzito liliwashangaza. Betri ni mzigo, na mzigo ule ndio unaoizuia foklifti isipinduke kifudifudi inapoinua tani mbili juu. Seli na tangi lake ni vyepesi mno, basi kasha linaongezewa vyuma vizito ndani lifikie uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Tulikuta kasha moja limepungukiwa. Moja tu, lakini lingeweza kumuua mtu.

Friza lilinifundisha adabu. Kila kilo ya haidrojeni inayotumika huzaa maji kama lita tisa. Sehemu inatoka kama mvuke, nyingine inakusanywa ndani ya kasha na kunyonywa dereva anapojaza gesi. Dereva akijaza haraka na kukatiza kabla maji hayajatolewa, kisha akaegesha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mrija unaganda. Wiki ya kwanza tulikuta tatu zimeganda asubuhi moja. Hatukubadilisha kifaa chochote. Tulichora mstari wa njano nje ya mlango wa friza, ikawa amri kwamba hakuna mashine inayolala ndani ya mstari ule.

Madereva nao walikuwa na hofu yao, na walikuwa na haki nayo. Zamu ya usiku kwetu ni Wasomali, Wakongo, Wanepali na Wamarekani wachache. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye sote tunamwita Mama, dereva mzuri kuliko wote, aliniambia: "Papa, hii kitu iko muzuri, lakini banatuletea bila kutuuliza." Nikakaa naye na chai. Nilianzia jikoni, kwa mtungi wa gesi anaoujua. Ile ikivuja ni nzito, inatambaa sakafuni, inakusubiri. Haidrojeni inapaa, ndiyo maana vitambuzi vyetu viko darini. Ila sikumficha mabaya yake: inashika moto hata ikiwa asilimia nne tu ya hewa, moto wake mchana hauonekani kwa macho, na haina harufu, wala hatuwezi kuitia harufu kama ya jikoni kwa sababu salfa ya harufu ile inaitia sumu platinamu. Basi usitegemee pua wala macho. King'ora kikilia, unaacha kila kitu unatoka. Akauliza nani anazima. Nikamwonyesha kitufe chekundu ukutani, nikamwambia hata yeye. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewafundisha wenzake, kwa Kiswahili na kwa ishara, na nilisita kumsahihisha hata pale aliponizidi ukali.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo betri kumi na mbili zilipojilipia. Haidrojeni yetu inakuja kwa lori ikiwa kimiminika, imepozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Lori lilichelewa siku mbili, kwa theluji na kwa uhaba upande wa muuzaji. Tangi likashuka hadi alama nyekundu. Tuliziwekea gesi iliyobaki foklifti za friza, maana humo ndimo nyama na maziwa vilimo, na za sehemu kavu tukazirudishia betri za zamani. Usiku ule nilivuta betri kwa mikono iliyokuwa imeshasahau kazi hiyo. Hakuna lori la chakula lililotoka limechelewa zaidi ya saa moja.

Bado kuna yanayonikera. Haidrojeni nyingi ya Marekani inatengenezwa kwa gesi asilia, na moshi wake unatoka huko kiwandani badala ya ghalani kwetu. Hewa tunayovuta sisi ni safi, na hilo si dogo, lakini sithubutu kuiita nishati safi mbele ya mwanangu. Na ghala dogo la zamu moja lenye foklifti kumi, likiniuliza, nitaliambia linunue betri za lithiamu. Dakika za kuokoa hazipo hapo, na kituo cha kujazia kitalimeza.

Mpwa wangu aliyesomea uhandisi Mombasa amekuwa akinipigia tangu Kenya ilipotangaza mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023. Kwao mazungumzo ni ya mbolea zaidi kuliko foklifti: umeme wa jua au wa joto la ardhini unapasua maji, haidrojeni inageuzwa amonia, amonia inakwenda shambani. Amepata nafasi ya kutembelea mtambo mmoja mdogo, akanitumia picha: paneli zinang'aa, mabango mapya, wageni wenye kofia za plastiki. Nikamtumia maswali matatu. Kompresa ikifa saa nane usiku, nani yuko zamu? Ufunguo wa stoo ya spea anao nani? Na mkulima atapata nini wiki mtambo ukisimama? Ameniambia atarudi huko jioni, wageni wakishaondoka, akaongee na mlinzi na fundi wa zamu.