Tepu nyeupe ya fundi bomba

Jana fundi kaja kutubadilishia koki ya jikoni hapa Mwanakwerekwe. Kabla ya kukaza akazungusha ile tepu nyeupe kwenye hesi za bomba. Nikamuuliza imetengenezwa na nini. "Plastiki tu hiyo, mama."

Plastiki tu! Jamani, hiyo ni Teflon, ile ile ya vikaango visivyogandisha mayai. Aliyeigundua ni mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, tarehe 6 Aprili 1938, akiwa na miaka 27. Alikuwa anatafuta gesi mpya ya mafriji. Siku hiyo kafungua mtungi, gesi haitoki. Mtu mwengine angeuweka kando akachukua mtungi mwengine. Yeye na msaidizi wake wakaupima, uzito uko pale pale, yaani gesi bado imo ndani. Wakaukata kwa msumeno, ndani wakakuta unga mweupe unaoteleza. Gesi imejiunga yenyewe ikawa polima, yaani molekuli zake zimeshikana kuwa minyororo mirefu! Hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, akaipata 1941.

Mimi vikaango havinishangazi. Kinachonishangaza ni kuwa unga huo huo huchanganywa kwenye grisi za mashine, na hutumika kwenye bodi za saketi za rada, maana mawimbi ya masafa ya juu hupita bila kupotea sana. Wamarekani waliutumia hata kwenye mradi wa bomu la atomiki, kuzibia mabomba ya gesi kali ya urani. Sisi huku tunazungushia koki.

Ila kikaango msikiache kitupu motoni. Kikipata moto kupita kiasi, moshi wake huua ndege. Wenye kasuku jikoni, mnasikia?