Mwasumini wa ofisini

Sikuupanda mimi. Niliukuta kwenye kona ya ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, chini kabisa ya kiyoyozi, chungu chake kimejaa vijiti vya meno na karatasi za peremende. Mwasumini! Tena Mombasa, mji ambao bibi zetu walikuwa hawalali bila asumini chini ya mto.

Nikaona haya, nikaanza kuunywesha. Kikombe kimoja kila asubuhi, kutoka bomba la msalani. Wiki tatu nzima. Ncha za majani zikawa kahawia, kavu kama zimepitishwa motoni, kisha majani yenyewe yakaanza kupukutika. Nikadhani una kiu. Nikaongeza kikombe cha pili.

Mama anayetuletea chai ndiye aliyenizindua. Aliweka birika chini, akakwangua kwa ukucha ule weupe uliozunguka mdomo wa chungu, akaonja.

"Mwanangu, hii chumvi. Kwani waupa mti huu maji ya kisima?"

Naam. Jengo letu, kama mengi hapa kisiwani, lina kisima chake, na ukioga maji yale hujui kama umetoka bafuni au baharini. Maji matamu, yale ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, bombani huja yanapopenda. Siku nyingine twanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Basi kila nilichomwaga kilikauka kikaacha chumvi udongoni, mpaka mizizi ikashindwa kuvuta maji hata yakiwepo.

Siku hiyo nilikiweka chungu kwenye karo, mtungi mzima wa maji matamu ukaishia humo kuosha ile chumvi. Namimina polepole, nangoja yatoke chini, namimina tena. Jirani yangu wa meza alinitazama kama nimerogwa (mtungi ule alikuwa ameulipia yeye). Nikakata vijiti vilivyokauka, nikakihamishia chungu dirisha la mashariki.

Lakini nani atanunulia mti maji kila siku? Kumbe yalikuwa yakidondoka nje ya dirisha miaka yote: maji ya kiyoyozi. Ni unyevu wa hewa yetu hii nzito uliogeuka matone, na chumvi hauna. Mama wa chai akatoa ndoo yake kuukuu, tukaitega chini ya mrija. Ikifika saa kumi imejaa. Masika yalipoingia nikawa nakitoa chungu nje kinyeshewe.

Mwezi wa sita majani mapya yalikuwa yameshajaa, yanang'aa, na vitumba vitatu. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo siku niliyoviona vimevimba nilijitia kazi nyingi mpaka magharibi. Harufu ilinifikia kabla sijainua kichwa.

Asubuhi yake nilikuta limebaki ua moja. Mengine mawili yalikuwa kwenye nywele za mama wa chai, yachungulia pembeni ya mtandio.

Sikusema kitu. Ndoo ni yake.