Altezza ya shemeji: kufumua au kubadilisha

Juzi tukiwa tunasubiri chakula, mpwa wangu kaniuliza, "Mjomba, kwa nini baba hakuliwekea lile gari turbo?" Shemeji alikuwa amekaa palepale, akaniachia nijibu mimi. Nikamwambia mtoto kwamba sababu ilikuwa silinda ya nne. Halikumtosha jibu hilo, na lisingemtosha mtu yeyote anayependa magari, kwa hiyo naliandika refu hapa.

Altezza yake ni gari la Toyota, toleo la RS200, gia sita za mkono. Toyota waliitoa mwaka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani ya 1998–1999. Injini yake ni 3S-GE BEAMS, silinda nne, cc 1998, hedi iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha, VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, kompresheni 11.5 kwa 1, nguvu farasi 210 kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 7600. Hizo ni farasi 105 kwa kila lita bila turbo yoyote ya kushindilia hewa. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, maana kiwandani walishaikamua. Injini iliyotoka ikiwa legelege unaweza kuiongezea kwa bei ndogo. Hii kila farasi mmoja wa ziada unamlipia kwa bei kubwa.

Gari lilikuwa limeanza kula oili. Moshi wa bluu ulitoka ukikanyaga mafuta kupanda, siyo asubuhi ukiliwasha. Tofauti hiyo ina maana. Moshi wa asubuhi, au ule unaotoka baada ya kuteremka mlima mrefu umeachia mafuta, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa kwenye mzigo, wasiwasi unahamia kwenye ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande. Shemeji alikuja gereji na hesabu yake tayari: kwa kuwa injini lazima ishushwe, basi irudi na turbo. Fundi mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, tupime kwanza. Hatujui nguvu hiyo tunaiongezea kwenye kitu gani."

Kupima kompresheni, yaani presha ya hewa ambayo kila silinda inabana, watu wengi wanakufanya kijuujuu. Pale kulifanyika hivi. Injini iliwashwa mpaka ikapata joto lake la kazi, ikazimwa. Fyuzi ya EFI ikatolewa ili nozeli zisimwage petroli, soketi za koili zikachomolewa, plagi zote nne zikatoka. Zote, siyo moja moja, kwa sababu ukiacha nyingine zimefungwa starta inazunguka kwa shida na namba zinakudanganya. Betri ilikuwa imechajiwa. Mimi nilikaa kwenye kiti nikakanyaga mafuta mpaka chini, throto ikawa wazi kabisa. Throto ikifungwa silinda inakosa hewa ya kubana na utadhani injini imekufa. Fundi mkuu akafunga geji kwa mkono kwenye tundu la silinda ya kwanza, akanyoosha kidole, nikapiga starta mpaka mshale ukaruka mara sita. Psi (kipimo cha presha) 205. Ya pili 200. Ya tatu 203. Ya nne mshale ulipanda kwa hatua fupifupi, ukasimama kwenye 150.

Akarudia ya nne. 150 tena. Kwa injini za Toyota za aina hii, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Sisi tulikuwa na zaidi ya 50. Shemeji akauliza kama ni valvu. Fundi mkuu hakujibu, alichukua bomba la sindano, akamwagia kijiko cha oili ndani ya tundu la plagi, akafunga geji upya. Nikapiga starta. Mshale ukapanda mpaka 190. Oili ile huziba upenyo wa kwenye ringi kwa muda mfupi, lakini haiwezi kuziba valvu inayovuja. Namba ikipanda, ugonjwa uko chini kwenye ringi. Ingebaki 150, tungeangalia hedi. Nilikuwa bado nimekanyaga mafuta, namwona shemeji kupitia kioo cha mbele akiiangalia ile geji, na nilijua hesabu yake ya turbo imeshabadilika hata kabla hajasema neno.

Sababu ni hii. Turbo kwenye 3S-GE yenye kompresheni 11.5 haifungwi hivihivi. Kule Japani gari hili lilitengenezwa linywe petroli ya oktani ya juu, karibu 100. Petroli ya pampu zetu haifiki huko. Ukishindilia hewa kwenye chumba ambacho tayari kinabana kwa 11.5, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake, injini inagonga, na kitu cha kwanza kuumia ni ukingo wa pistoni pale ringi zinapokaa. Kwa hiyo utanunua pistoni za kufuliwa zenye kompresheni ya 8.5 au 9, konrodi imara, nozeli kubwa, pampu ya petroli, kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kuprogramu, interkula ya kupoza hewa ya turbo, na mtu anayejua kuituni kweli. Hata mwanya wa ringi unabadilika. Kwa silinda ya milimita 86 isiyo na turbo, ringi ya juu unaiachia mwanya wa kama 0.34; ya turbo unakwenda karibu 0.47, kwa sababu ringi ikipata joto kali inatanuka, ncha zake zikikutana hazina pa kwenda na zinavunja pistoni. Wapo wanaofunga turbo bila kugusa ndani, wakaweka presha ndogo, na gari likachanganya vizuri kwa miezi michache. Halafu linanoki, injini imekufa.

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha. Tukaenda Ilala, kwa muuzaji mmoja wa injini za mtumba, kuangalia 1JZ-GTE ya VVT-i. Hii ni silinda sita, lita 2.5, turbo moja, farasi 280, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 378 ambayo unaipata kwenye rpm 2400 tu. 3S-GE inatoa Nm 216, tena mpaka uifikishe 4800. Kwenye karatasi hakuna mjadala.

Ilikuwa imelazwa juu ya tairi. Fundi mkuu alifungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani: hapakuwa na tope jeusi wala ule weupe wa oili iliyochanganyika na maji. Tukatoa plagi, akaweka soketi namba 22 kwenye boliti ya krenki, akaizungusha raundi mbili kamili taratibu. Haikukwama popote. Kisha akalegeza mpira wa hewa, akashika ncha ya shafti ya turbo kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo kulia na kushoto si kitu, maana hapo ndani hamna oili yenye presha. Alipoivuta na kuisukuma, kuja na kurudi, ilisogea, tena kwa kiasi ambacho nami nilipojaribu nilikisikia kwenye vidole. Ya namna hiyo beringi yake ya kuzuia imekwisha, na siku chache tu gurudumu litagusa nyumba yake.

Turbo hurekebishika. Kilichonitisha mimi zaidi ni nyaya. Zilikuwa zimekatwa karibu na soketi, pengine inchi mbili tu zimebaki, na kontrol boksi haikuwepo. "Waya mtaunga tu, mafundi umeme wapo," muuzaji akatuambia. Wapo kweli. Lakini injini yenye sensa ya krenki, ya kam, ya joto, ya kugonga, ya VVT-i, kila moja na waya wake, nyingine zenye nyuzi za kukinga kelele za umeme, ukiunga kila waya katikati ya joto na mtikisiko unajipandia matatizo yatakayojitokeza mvua ikinyesha. Injini ya kubadilisha nunua na mkanda wake mzima wa nyaya, kontrol boksi yake, koili na igniti zake, au nunua nosi kati yote, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa ikiwa na kila kitu chake. Aliyekata nyaya ili injini ikae vizuri kwenye kontena amekuuzia chuma tu.

Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie jirani na pale, shemeji akaanza kuandika. Injini. Mkanda wa nyaya na kontrol boksi. Turbo kukarabatiwa. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mauntini (vishikizo vyake): hapa afadhali, kwa sababu Toyota wenyewe waliweka 2JZ-GE kwenye Altezza Gita AS300 na kwenye Lexus IS300, na 1JZ ni familia ileile, kwa hiyo vipo vya kiwandani vinavyokaa bila kuchomelea. Giaboksi: ile ya gia sita haikuundwa kwa Nm 378, utaikuta gia ya tatu imesagika, inayofaa ni R154, na bei yake inakaribia ya injini. Klachi ya kubeba mzigo huo. Propela kukatwa na kubalansiwa. Interkula na mabomba yake. Rejeta nene zaidi, kwa foleni za Dar na joto letu. Pampu ya petroli. Mabomba ya AC kukunjwa upya. Eksozi. Breki. Na kadi ya gari, maana namba ya injini ikibadilika inabidi taarifa zirekebishwe TRA, nayo inataka risiti halali ya muuzaji. Mwisho wa ukurasa bei ya injini yenyewe haikufika hata nusu ya jumla. Hili nawaambia wote wanaouliza: aliyepiga hesabu ya injini peke yake bado hajapiga hesabu.

Mtu akasema pale mezani, basi si mchukue 3S-GTE, ile ya turbo ya Toyota Caldina, farasi 260, ni 3S kwa 3S? Inafanana kwa jina na kwa bloku, na kweli wapo walioifunga. Ila ile ilikaa kwa ubavu kwenye gari lake. Ukiigeuza ikae kwa urefu, njia za maji, mabomba ya hewa na sehemu ya kukalisha turbo vyote vinataka kufikiriwa upya karibu na ukuta wa moto na usukani. Shemeji hakutaka majaribio ya namna hiyo kwenye gari analompelekea mtoto shule.

Akaamua kufumua na kurudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Injini ikashushwa. Silinda ya nne ringi ya juu ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake kwa kaboni, na ukingo wa pistoni ulikuwa na vitobo vidogovidogo, dalili ya kugonga. Bila turbo, kwa petroli hii hii, ilikuwa imeshaanza kugonga. Silinda zenyewe zilipimwa zikawa ndani ya kiwango, kwa hiyo hatukuchonga, zilisuguliwa tu ili zishike oili. Ringi mpya zote, pistoni moja mpya, ambayo tuliipima uzito pamoja na nyingine tatu kwenye mizani ya sonara ili zisipishane. Beringi za krenki na konrodi, gasketi, sili za valvu, pampu ya maji, mkanda wa taimingi. Gia ya VVT-i upande wa eksozi nayo ilibadilishwa; hizi zikichoka zinagonga kwa sekunde chache ukiwasha asubuhi, na ukizipuuza utafungua injini tena. Oili ya kwanza ikamwagwa kilomita 500, filta ikakatwa na msumeno kuangalia chuma. Fedha iliyobaki ikaenda kwenye breki, matairi na bushi.

Kama uamuzi ule ulikuwa sahihi, bado hatujakubaliana. Mimi nashikilia kwamba ilikuwepo njia ya tatu: 2JZ-GE isiyo na turbo, lita 3, torki ya Nm 294, kompresheni 10.5 inayovumilia petroli yetu vizuri zaidi kuliko 11.5, na kila kipande cha kuikalisha kipo kwenye katalogi ya Toyota. Shemeji hukataa kwa hoja mbili, na zote zina uzito. Kwanza, Gita AS300 ilikuja na otomatiki tu. Giaboksi ya gia za mkono ni W55, ile waliyoiweka kwenye IS300 za Marekani kuanzia modeli ya 2002, na huku kuipata ni kazi. Pili, silinda sita ndefu za chuma zinaongeza uzito puani, na gari hili raha yake yote ni namna pua inavyofuata usukani. Mimi humjibu kwamba springi na shokapu za mbele zinaweza kurekebisha sehemu ya hilo. Yeye husema sehemu tu. Juzi mtoto alitusikiliza tukianza upya, chakula kikaja, na tukaendelea kubishana kuhusu W55 mpaka sahani zikaondolewa.