Kijani, hatimaye!

Siku tatu nimehangaika na jaribio moja la Terraform, programu ya kuunda mitambo ya wingu kwa kuandika msimbo. Leo alasiri, hapa nyumbani Shangani, Mtwara, limepita.

Hatua ya kwanza inaunda hifadhi ya mafaili kwenye wingu, kila mara kwa jina jipya la kubahatisha. Ya pili inaikagua. Mimi jina nilikuwa nimeliandika kwa mkono, basi kila nikiendesha: nyekundu.

Kumbe tangu toleo la 1.6, la mwaka 2023, hatua inaweza kusoma matokeo ya iliyotangulia. Ila lazima moduli ya hatua ya kwanza, yaani fungu lake la msimbo, iyatangaze, la sivyo inayofuata haioni kitu. Yangu haikutangaza chochote!

Nikaongeza mistari mitatu ya kulitangaza jina la hifadhi. Kisha, kwenye hatua ya pili, nikaandika run.andaa.jina: yaani jina lililotoka kwenye hatua ya kwanza, niliyoiita "andaa".

Kijani.

Nimelitazama lile neno "andaa" muda mrefu. Nililiweka mwenyewe, Kiswahili chetu katikati ya msimbo, na limebeba jina kutoka hatua hadi hatua kama tunavyopokezana ndoo za maji kwenye shughuli. Nikatoka nje kupunga upepo wa bahari, moyo mweupe.

Wenzangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na kwingineko: hatua zenu mnaziita kwa lugha gani?