Ungeniita

Neno ni moja tu, nalo limenikwama kooni tangu Jumamosi kama mwiba wa samaki.

Banda la Kito, kinyonga wangu, limekamilika. Mnajua nilivyohangaika tangu siku ile nilipomkuta chini kabisa ya kizimba cha ndani, miguu haimshiki. Daktari alisema mifupa imeanza kulegea, na kwamba anahitaji jua lenyewe, si la dirishani: kioo huzuia ile miale inayouwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo, unga wa kalsiamu ninaowapaka panzi wake haumfai kitu. Basi nikajenga. Jioni nne. Kimo sentimita 120, maana kinyonga hatulii mpaka awe juu. Nusu jua, nusu kivuli, ajichagulie mwenyewe. Wavu wenye matundu madogo, mguu wa paka usipenye. Na kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo la maji kwa ajili ya siafu.

Baba alifika nikikaza skrubu ya mwisho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Akalizunguka mara mbili, mikono mgongoni. Akagonga fremu kwa kifundo cha kidole. Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa wavu, polepole, kama apitishavyo kwenye ubao uliotoka kupigwa msasa. Kisha akasema, "Ungeniita." Akaingia ndani kunywa maji.

Hakuongeza kitu.

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Ungeniita, ningekusaidia? Ungeniita, lisingekuwa hivi? Au ungeniita, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeniita? Wiki hii mdogo wangu amechumbiwa na kazini wametangaza kuunganisha idara zetu, lakini nikiosha vyombo, nikiwa kikaoni, nalisikia hilo tu. Sauti yake haikupanda. Ingepanda, ningejua la kujibu.

Sikumwita kwa sababu ya mgongo wake. Ningemwambia palepale, yakaisha. Lakini lipo na lingine: nilitaka aje alikute limesimama. Aone kwamba zile siku nilizomshikia mbao akipiga randa, mimi nikiwa sifiki hata kiunoni mwake, hazikupotea.

Jumatatu asubuhi nikamtoa Kito. Alipanda tawi kwa ule mwendo wake wa kusitasita, hatua mbele, anajiyumbisha, hatua tena, mpaka juu. Akalipa jua ubavu wa kushoto, akaupanua ukawa bapa kama jani, ukaanza kuwa mweusi. Ubavu huo tu! Wa kulia ulibaki kijani kibichi. Jicho moja lilikuwa kwangu, la pili linamfuata kunguru aliyetua ukutani. Nilipoyanyunyizia majani maji, akasogea, akalilamba tone moja, akatulia, akalamba la pili. Chai yangu ilipoa mkononi. Sijafurahi namna ile siku nyingi.

Ndipo akahama tawi na kuushika wavu pembeni, pale pale alipopitisha Baba dole gumba. Akaurudisha mguu haraka. Nikaingiza mkono kupapasa: ncha za waya nilizokata zilikuwa zimeelekea ndani, kali kama sindano. Jioni nne nimelikodolea macho banda hili, nisizione.

Nikamrudisha Kito ndani, nikapiga simu. "Baba, naomba uje. Na koleo, na tupa."

Kimya kidogo. "Nakuja."

Alifika hata saa moja haijapita. Akakalia kigoda, akazikunja ncha moja baada ya nyingine kuelekea nje, akazipiga tupa, kisha tukazifunika kwa papi nyembamba, mimi nashika, yeye anapigilia. Hatukuzungumza sana. Alisema mlango nimeutegesha vizuri, bawaba zimekaa sawa. Lile neno sikumuuliza, na ule mgongo sikuutaja, ingawa alipoinuka alijishikilia kwenye fremu.

Fremu haikutikisika.