Hatimbi si jina la Gulu

Alfabeti ya Kiacholi, lugha ya watu wa Gulu kaskazini mwa Uganda, haina F, haina H, haina S, haina V, haina Z. Yesu wa Biblia ya Kiacholi huandikwa Yecu, na neno Sabato lilipofika Gulu likawa Cabit. Mgeni mwenye herufi hizo anavuliwa mlangoni kabla hajakaribishwa ndani.

Sasa kuna baba mmoja wa kijiji cha kaskazini mwa Uganda ambaye tangu mwaka 2011 anapanda jukwaani New York, na jina lake ni Mafala Hatimbi. F moja, H moja. Binti yake anaitwa Nabulungi, jina ambalo angalau lina kwao, ila kwao ni Buganda. Ugomvi wangu na The Book of Mormon, mchezo wa muziki wanamotokea wawili hao, unaanzia hapo kwenye majina. Matusi yake, ambayo ndiyo watu wengi huyarukia kwanza, kwangu si hoja kubwa.

Mchezo huu ulifunguliwa rasmi tarehe 24 Machi 2011 katika ukumbi wa Eugene O'Neill. Walioutunga ni Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez. Mwaka huohuo ulizoa Tuzo 9 za Tony, tuzo kubwa za maigizo za Marekani, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki, na mwaka 2013 ukahamia London pia. Vijana wawili wamisionari wa Kimormoni wanatumwa Uganda, wanakuta kijiji kina njaa, maradhi na mbabe wa vita, na mahubiri yao hayamgusi mtu mpaka mmoja wao anapoanza kubuni aya zake mwenyewe.

Mimi si wa kundi linalotaka upigwe marufuku. Ni kazi ya mafundi. Sikiliza wimbo wa kufungua: umejengwa juu ya kengele ya mlango. Kijana mmoja anabonyeza, anajitambulisha, wa pili anaingia, wa tatu anaingia, kila mmoja na mstari wake wa sauti, hadi mistari yote inasukana na kengele imegeuka kuwa mapigo ya ngoma. Hakuna mtu aliyesimulia chochote bado, lakini tayari unajua hawa ni nani, wanafanya nini kutwa, na kwa nini watu hujificha nyuma ya pazia wakiwaona. Ndani ya dakika chache. Mtu anayetaka kujifunza kuandika wimbo wa kufungua mchezo aukate vipande na kuuchunguza kama fundi saa.

Na upande wa Wamormoni, waandishi walifanya utafiti. Misheni ni ya miaka miwili, na vijana hutembea wawiliwawili. Mabamba ya dhahabu, malaika Moroni, jimbo la New York alikoishi Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hiyo: yote yapo mahali pake. Kejeli inauma kwa sababu imelenga. Kanisa lenyewe lilijibu kwa akili nyingi: halikwenda mahakamani, likanunua matangazo ndani ya kijitabu cha ukumbini likiwaalika watazamaji wakasome sasa kitabu chenyewe, yaani msahafu wao wenye jina hilohilo. Sijaona taasisi nyingine ya dini iliyojibu dhihaka kwa utulivu wa namna hiyo.

Upande wetu utafiti haukufanyika. Mbabe wa vita wa mchezo huu amepewa jina la utani ambalo kwa kweli lilikuwa la kamanda mmoja wa Liberia, nchi iliyo ng'ambo ya pili ya Afrika. Uganda ilikuwa na waasi wake, LRA, na historia yao kaskazini inajulikana tarehe kwa tarehe. Kufikia 2006, mwaka wa mazungumzo ya amani ya Juba, walikuwa wametoka Uganda. Mchezo unafunguliwa miaka mitano baadaye. Huyo jenerali anatishia kuwakeketa wanawake wote wa kijiji. Ukeketaji nchini Uganda ulikuwa desturi ya Wasabiny na Wapokot, mashariki, na sheria ya kuupiga marufuku ni ya 2010. Waacholi hawana desturi hiyo kabisa. Wanakijiji wanaimba kwamba asilimia 80 yao wana UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2011 ulipata kwamba wenye VVU ni asilimia 7.3 ya watu wa miaka 15 hadi 49, na hiyo yenyewe ni msiba wa kutosha, haihitaji kuongezewa sifuri wala mstari.

Najua jibu linalotolewa: hiyo Uganda ni ya makusudi, ni Afrika iliyoko kichwani mwa Mmarekani, na anayechekwa ni yeye. Ningelikubali jibu hilo kama mchezo ungeonyesha walau mara moja kwamba kuna Uganda nyingine nyuma ya hiyo ya kichwani. Mtazamaji wa New York anajua Utah halisi, jimbo la Wamormoni, ikoje, basi anaona pengo kati ya dhihaka na ukweli. Mtazamaji huyo haijui Gulu. Kwake hapo hakuna pengo. Kile anachoonyeshwa ndicho anachorudi nacho nyumbani.

Mwaka 2020, ukumbi ukiwa umefungwa kwa korona, waigizaji Weusi waliowahi kucheza humo na waliokuwa wakicheza bado waliwaandikia watunzi barua ya malalamiko. Watunzi wakakaa nao, wakapitia mchezo onyesho kwa onyesho, na Novemba 2021 pazia lilipofunguliwa tena wanakijiji walikuwa na akili zaidi na sauti zaidi katika hadithi yao wenyewe. Kile kichekesho cha Nabulungi kupiga taipureta kuukuu akidhani anatuma ujumbe wa simu kilibadilishwa. Hongera kwa walioandika barua ile. Kumwambia mwajiri wako kwamba kazi iliyokupa mkate inakudhalilisha si jambo jepesi. Lakini Hatimbi alibaki Hatimbi.

Kuhusu lugha. Wimbo maarufu wa wanakijiji umejengwa juu ya maneno ya kubuni ya kumtukana Mungu, na ni dhihaka ya wazi ya ule wimbo wa hakuna matata katika hadithi ya Simba ya Disney. Hapo nacheka nao kwa moyo mmoja. Maneno ya Kiswahili kule yamegeuzwa dawa ya usingizi ya mtalii. Mswahili wa Kampala, Mombasa au Dar atakwambia hakuna shida, hamna shida, hakuna tatizo. Hakuna matata inatunzwa kwa ajili ya mgeni aliyevaa kofia ya jua. Halafu Disney waliomba kuisajili kama alama ya biashara mwaka 1994, wakapewa 2003, na watu wa Afrika Mashariki wakaja kugutuka 2018 watu walipoanza kutia saini malalamiko mtandaoni. Usajili ule unahusu mavazi, haukuzuii kusema. Hata hivyo msemo wa watu kuchapwa kwenye fulana za kampuni moja ni jambo la kukera, na waliotia saini walikuwa na haki ya kukereka.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kaskazini mwa Uganda kuna mabingwa wa kejeli ya kuimbwa. Vijana wa Acholi wakicheza larakaraka, nyimbo zao humnanga mtu hadharani: bahili, muongo, anayejidai. Mshairi Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, alichukua ulimi huohuo mwaka 1966 akaandika Song of Lawino, shairi refu ambamo mke wa Kiacholi anamsuta mumewe aliyelewa uzungu, na katika miaka hiyohiyo akawa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo hapa Kampala. Baada yake alikuja Byron Kawadwa. Mchezo wake wa muziki wa Oluyimba lwa Wankoko, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya, uliwacheka wenye tamaa ya kiti cha enzi, na mwanzoni mwa 1977 ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la sanaa la FESTAC. Mwaka huohuo Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa Idi Amin na kuuawa. Hiyo ndiyo kejeli ya muziki tuliyo nayo sisi: iliwalenga wenye mamlaka waliokuwa mtaa wa pili.

Basi mtu akinipa daftari la mchezo huu leo, marekebisho yangu hayatahitaji kumwondoa hata mwigizaji mmoja.

Naanza na majina. Jina la Kiacholi hueleza ulivyozaliwa. Mapacha ni Opio na Ocen, wasichana Apio na Acen. Anayewafuata mapacha ni Okello au Akello. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okot au Lakot. Baba na binti hawalazimiki kushiriki jina. Mwite baba Okello na tayari mtazamaji wa Lira au Kitgum anajua juu yake kuna mapacha wawili, na mwigizaji ana familia nzima ya kubeba kichwani anapoingia jukwaani.

Ala za muziki. Wapigaji hupenda kushika marimba ya amadinda kwa sababu yanapendeza machoni. Ni kosa mara mbili. Kwanza ni ala ya Buganda. Pili, amadinda imepangwa sauti tano zilizoachana karibu sawasawa, na kinanda cha kizungu hakina nafasi hizo. Vikipigwa pamoja, mwimbaji anabaki katikati, akifuata huku anaonekana kakosea kule, na lawama inamwangukia yeye. Tumia adungu, yaani kinubi. Nyuzi zake hukazwa kwa vigingi, unaipanga ifuate kinanda, na wengi siku hizi huipanga hivyo. Shida yake ni joto la taa: nyuzi hulegea taratibu, na kufikia mapumziko adungu imeshuka. Lazima awepo mtu wa kuikaza upya pazia likiwa chini, na kazi hiyo iandikwe kwenye ratiba, isiachiwe kumbukumbu ya mtu.

Kwa mapigo, chukua vibuyu vya larakaraka. Ni nusu ya kibuyu kikavu, hupigwa kwa spoki za baiskeli zilizofungwa pamoja. Sauti yake ni kali, kavu, inafika nyuma ya ukumbi bila spika. Ubaya ni kwamba ukali huo unakaa palepale zinapokaa konsonanti za mwimbaji. Vibuyu kumi vikichachamaa utasikia irabu tupu, na kichekesho kilichofichwa ndani ya neno kimekufa. Waweke wapigaji nyuma au pembeni, ubeti uende na kibuyu kimoja tu, kumi waingie kwenye kiitikio ambapo maneno tayari yanajulikana. Maikrofoni ya mwimbaji ikae kwenye ukingo wa nywele juu ya paji; ikishuka kifuani inaokota vibuyu kuliko mdomo.

Nabulungi ana wimbo wake wa peke yake, ndoto ya kwenda Salt Lake City, mji wa Wamormoni kule Utah, na ndio wimbo mzuri kuliko yote. Nikki M. James alipata Tony kwa nafasi hii, na mwigizaji yeyote anayeuimba huku akiwakonyeza watazamaji anauharibu. Unataka kuimbwa kwa imani kamili. Kichekesho chake ni matamshi: anautaja mji kama Sal Tlay Ka Siti. Hapo tena sikio limekosea. Msichana mwenye jina la Kiganda hawezi kuacha T na L zikiwa zimeshikana; Luganda haiwezi kulimeza fundo hilo. Angesema Soluti Leeki Siti. Silabi tano zinakuwa saba, na mbili zilizoongezeka zote ziko mwanzoni, kwa hiyo noti ya kwanza igawanywe tatu fupi na zilizobaki zikae zilipo. Ile Lee ndefu inaangukia palepale penye noti ya kuvutwa. Mtunzi angefurahi.

Imebaki ile dhihaka inayorudi mchezo mzima, mmisionari kukosea jina la Nabulungi kila anapomwita. Kwa Mmarekani ni jina gumu, kwetu ni jepesi kama maji, basi ukumbi wa Kampala ungekaa kimya. Mpe msichana jina la Lanyero. Ni jina la Kiacholi hasa, linatoka kwenye nyero, yaani kucheka. Akosee hilo, kila onyesho, mbele ya kijiji kizima kinachojua maana yake.