Nilivyorudi Dar kutoka Istanbul bila kugombana na kila mtu

Mi sio mtu wa kulilia sehemu. Nimezaliwa Temeke, Kigamboni nimehamia ukubwani, Dar naipenda na joto lake na kelele zake. Ndo maana hali iliyonikuta baada ya kurudi kutoka Istanbul ilinishangaza mwenyewe, nilikuwa nanuna bila sababu, mtu akiniambia mambo namwangalia tu, na ofisini nachungulia simu kwa kificho nijue huko Istanbul leo kuna jua au mvua, sasa inanihusu nini jamani.

Tulienda mimi na shoga angu mwezi wa nne, hela ya kikoba, tumejinyima muda mrefu sana mpaka watu walidhani tunajenga. Na huku kwetu ukisema unaenda Uturuki kila mtu anajua unaenda kufunga mzigo, Laleli au Merter, magauni na viatu vya kuja kuuza Kariakoo. Shangazi yangu mpaka leo hajaelewa. Niliporudi akaja kunisalimia, akaangalia chumba chote, akaniuliza:

"Mzigo wenyewe uko wapi?"

"Shangazi, sikwenda kufunga mzigo, nilienda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Kutembea tu. Mjini."

"Bila mgonjwa, bila mzigo?" Akanyamaza kidogo, akasema haya, Mungu mkubwa. Kwa sauti ile ile ya msibani.

Sasa niwaambie ilikuwaje maana kuna watu wananiuliza nilifanyaje mpaka nikakaa sawa, na wengine nao wametoka sehemu zao, sijui Dubai sijui wapi, wanasema wanarudi wanakuta maisha yamekuwa machungu.

Kwanza hela. Hii niliipanga kabla sijaondoka na ndo iliyoniokoa kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya kulipia hata tiketi nilitoa hela ya mwezi wa kurudi, nikaiweka akaunti ambayo kadi yake niliiacha nyumbani kwa mama. Kodi, luku, gesi, nauli, na hela ya michango, maana si mnajua, ukiwasha simu pale eapoti unakuta umeshaingizwa kwenye kamati mbili za harusi na moja ya send-off na wote wanajua ulikuwa Ulaya kwa hiyo wanakupangia kiwango cha juu. Shoga angu yeye aliona namletea uchuro, akasema tutajua huko huko mbele. Alirudi tarehe mbaya, mshahara bado, akawa anakula kwangu wiki nzima huku analaumu nchi. Mtu mwenye njaa usimwambie habari za kuzoea, mpe wali kwanza.

Pili tulitua usiku wa kuamkia Jumamosi. Kutoka Terminal 3 tukapitia Mandela na Daraja la Nyerere, mvua ya masika inapiga, dereva anatuelezea Jangwani kumejaa maji, barabara haipitiki, mi nimekumbatia begi nasikiliza tu. Ile Jumamosi na Jumapili nililala, nikafua, nikatoa kila kitu kwenye begi nikalirudisha juu ya kabati. Begi likikaa wazi chumbani unakuwa kama bado uko safarini. Sweta niliyonunulia kule kwa sababu ya upepo wa jioni nikampa mdogo wangu anasoma Iringa, mwezi wa sita na wa saba huko baridi sio mchezo, mi Kigamboni nitaivaa wapi.

Zawadi niliweka ndogo ndogo, zile peremende laini zenye unga wa sukari wanaita lokum, majani ya chai, na zile shanga za jicho la bluu ambazo Waturuki wanatundika kila mahali, mlangoni, kwenye gari, kwenye nguo ya mtoto, kwamba inazuia kijicho. Mi nikaona ni pambo zuri nikampelekea mama. Mama akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza, akaniuliza hili jicho linaangalia nini. Nikamweleza. Akaifunga kwenye kimfuko cha nailoni, akakipiga fundo, akanirudishia. "Hirizi yako hii mwanangu katundike kwako. Humu ndani kwangu tunaomba." Peremende alizipokea zote.

Haya, tuje kwenye lenyewe.

Nilichokuwa nakitamani sio misikiti wala masoko. Ni nzuri sana, Ayasofya, ule msikiti wao mkongwe, ukiingia unakaa kimya mwenyewe, lakini siwezi kusema nililala nikiota kuta. Nilichokuwa nakikosa ni boti. Kule wanaita vapur, unapanda Eminönü upande wa Ulaya unashuka Kadıköy upande wa Asia, kama dakika ishirini hivi, unagonga kadi yako getini unaingia. Siku hizi kuna mpaka treni inapita chini ya bahari toka 2013, inavuka fasta, lakini watu bado wanapanda boti, na nilivyowaona nikajua kwa nini. Anapita jamaa na sinia la chai, glasi ndogo zenye kiuno, chai nyekundu haina maziwa, na sukari ya vipande pembeni. Watu wanarusha vipande vya simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta, na shakwe wanadaka hewani, wanafuata boti mwanzo mwisho. Hakuna anayekuuliza kitu. Kuna siku kwenye chumba cha kusubiria paka kalala kwenye kiti, mzee mtu mzima kabisa kasimama pembeni yake na mfuko wa mboga, viti vingine vimejaa, na hamtoi. Anamwangalia tu. Paka kajinyoosha kaendelea kulala, mzee kasimama mpaka boti imekuja.

Na mi nakaa Kigamboni, nafanya kazi Posta. Kila siku ya Mungu navuka maji asubuhi na jioni, nami nina kadi yangu ya N-Card nagonga naingia pantoni. Kwa hiyo kwa miaka yote nimekuwa na bahari na chombo cha kuvukia na sijawahi hata siku moja kukitamani, nilikuwa navuka nimeinamia simu nasubiri kufika. Siwezi kusema pantoni letu ni sawa na vapur, tusidanganyane, ile sukumana ya saa kumi na moja jioni geti likifunguliwa, pikipiki, toroli, ndoo za samaki, mama ana mtoto mgongoni na kuku mkononi, hapo shakwe utamwangalia saa ngapi. Ila ikanikaa kichwani.

Halafu kuna hili la saa, na hili ndo lilinichanganya zaidi. Uturuki na Tanzania saa ni moja, wenzetu toka 2016 waliacha kurudisha saa nyuma kipindi cha baridi wakabaki na saa ile ile mwaka mzima na ikaangukia sawa na yetu. Kwa hiyo siwezi kusingizia eti mwili haujazoea masaa. Sasa mbona kila ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni naingiwa na wenge, nasikia kama kuna kitu nimenyang'anywa? Nilikaa nalo hilo mpaka siku moja nipo foleni ya pantoni giza limeshaingia ndo nikashtuka, kumbe ni jua. Istanbul mwishoni mwa mwezi wa nne jua linazama karibu na saa mbili usiku. Saa mbili! Tulikuwa tunatoka hotelini saa kumi tumeshapumzika na bado tuna siku nyingine nzima mbele yetu, tukaenda bustani ya Emirgan kuangalia maua ya tulipu tukarudi tukakaa ufukweni tukala mkate wa samaki na bado kweupe. Dar saa kumi na mbili na dakika ishirini jua limeenda zake, na mi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, foleni, pantoni, bajaji, nafika nyumbani usiku. Mwaka mzima jua nalionea dirishani ofisini.

Nikaenda kwa bosi. Bosi wangu ni mama mmoja mkali lakini anasikiliza.

"Shikamoo mama, nina ombi."

"Marahaba. Si umetoka likizo juzi?"

"Siombi likizo. Naomba niwe naingia saa moja asubuhi nitoke saa tisa alasiri."

"Saa tisa kuna nini?"

"Jua, mama."

Akavua miwani. Akaniangalia. Akasema hesabu za mwisho wa mwezi zikichelewa hata siku moja tunarudi kwenye utaratibu wa zamani, na asisikie mtu mwingine ofisini anakuja kuomba jua. Nikatoka pale nacheka mwenyewe koridoni.

Kuamka saa kumi na robo alfajiri ni adhabu, sitaki kupamba. Lakini saa tisa natoka nina masaa matatu ya mchana mkononi. Bajaji ya kwenda Feri nimeiacha, natembea kwa miguu Kivukoni Front yote, kushoto kanisa la Azania na lile la St. Joseph limepita, kulia bahari... hapana nimechanganya, inategemea unatokea wapi, ila bahari ipo pale pale upande mmoja na makontena ng'ambo. Istanbul tulitembea mpaka miguu ikavimba, milima na ngazi kila kona, na hilo nalo nadhani lilikuwa linanipa raha bila mimi kujua, maana hapa mjini mtu akikuona unatembea anakuuliza gari limeharibika? Kipindi cha mvua nilikuwa nabeba viatu vya ofisini kwenye mfuko navaa yeboyebo, tope ni tope.

Saa tisa na kitu pantoni halijajaa. Nasimama pembeni kwenye vyuma, sishiki simu. Mara ya kwanza nilibeba chupa ya chai nikajifanya niko Bosphorus, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya Istanbul, sasa pale kuvuka ni dakika chache tu, nimemimina, nimepuliza, tumeshafika watu wananisukuma na chai inanimwagikia. Chai nikaihamishia upande wa pili, kuna mama anapika chapati karibu na stendi, nakaa kwenye benchi lake nakunywa ya rangi yenye tangawizi nikiangalia watu wanashuka. Vijiwe vya kahawa vipo lakini pale ni wanaume na bao lao, mwanamke ukikaa wote wananyamaza. Na msidhani Istanbul ni tofauti sana, zile nyumba zao za chai za mitaani ndani wazee watupu wanacheza karata, ila kwenye boti kila mtu anakunywa.

Vingine nilijaribu vikanishinda. Kifungua kinywa cha Kituruki, ile meza yenye jibini na zeituni na nyanya na matango na asali, niliandaa Jumapili moja, bei ya jibini na zeituni supamaketi nikaona hii ni kodi ya mtu, mdogo wangu akala yai akauliza mihogo iko wapi. Nikaacha. Picha nazo nilizificha zote kwenye simu nikabakiza chache, maana kila nikizifungua nalala saa saba usiku.

Na tukajaribu mimi na shoga angu kutembea Dar kama wageni, Jumamosi tukaenda Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, mara ya mwisho nilikuja na shule ya msingi tumevaa sare. Tuliangalia fuvu la Zinjanthropus lililookotwa Olduvai 1959, tukaangalia magari ya Mwalimu, mi nilifurahi kweli, yeye alilalamika joto kuanzia getini mpaka tunatoka. Mwenzangu bado hajakaa sawa. Kila tukikaa ni "kule kwetu", namuuliza kwenu wapi, Mbagala?

Kikoba tumeanza upya lakini. Yeye anataka Cairo, mi nataka Muscat kuna ndugu wa mama hawajaniona toka nazaliwa na angalau sitalipa hoteli. Bado tunabishana, na pasipoti yake yenyewe inakaribia kuisha, nimemwambia akaanze na hiyo. Na safari hii kadi yake naiacha kwa mama yangu mimi, apende asipende.